Fahali wa Matanga Manne

Mlango ulifungwa kwa kisigino, na aliyeufunga alikuwa anatabasamu.

Hapo ndipo tulipomwacha Marion wiki jana, wajukuu, na najua kuna waliolala na mashaka. Tulieni. Hakupigwa. Mheshimiwa Javan hapigi mtu. Yeye huvuta kiti, akaketi, akapanguza kiatu, halafu akakuuliza kama umekunywa chai.

"Umekunywa chai, nyara?" Alimwita hivyo, yaani "binti yangu" kwa Kijaluo, kwa sauti ya baba mwenye mapenzi.

"Nimekunywa, Mheshimiwa."

"Na kile kitendawili chako cha jana, ulikiandika kabla ya chai au baada?"

Marion akatazama simu yake. Akatazama dirisha. Dirisha lilikuwa dogo, hata paka angefikiria mara mbili.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, shika haya upesi. Marion ana ukurasa wa habari mtandaoni, Kapu la Asubuhi, anaouendesha kutoka chumba kidogo nyuma ya saluni hapa Oyugis. Kila asubuhi hutega kitendawili. Jibu hatoi mpaka jioni, kabla ya jua kuzama. Katikati ya swali na jibu ndipo anapopanga bei ya omena, habari za barabara iliyokatika, na matangazo ya wenye maduka wanaomlisha. Watu huja kwa kitendawili, hukaa kwa habari, hurudi jioni kuona kama walipata. Wanajiita Wanakapu, na wako kila mahali, kuanzia Mbita hadi Kegonga mpakani. Na palipo na msiba, Marion hurusha mazishi laivu, ili walioko Doha na Minnesota walie pamoja na walioko nyumbani.

Sasa cha jana kilikuwa hiki: mgeni wa matanga manne, kila boma anapokelewa kwa shangwe, na hakuna boma lililomla.

Chai haikuwahi kupoa. Wanakapu walijibu kwa pamoja: fahali wa Mheshimiwa Javan!

Maana Mheshimiwa anatafuta kiti, na anayetafuta kiti huku haendi matangani mikono mitupu. Alikuwa anakuja na fahali mweusi, mnene, pembe ya kushoto imepinda kama kidole kinachoita mtu, na kwenye paji la uso doa jeupe kama maziwa yaliyomwagika. Anamkabidhi mfiwa kamba, kamera zinamulika, watu wanapiga makofi. Kamera zikiondoka, fahali anapanda tena pikapu. Mfiwa anaambiwa huyu amekonda, ataletewa mwingine. Mwingine huyo bado anatembea.

"Nyara," Mheshimiwa akasema, "ng'ombe wanafanana. Hata nyinyi wasichana, na hizi nywele za kununua, mnafanana."

"Pembe ile haifanani na nyingine, Mheshimiwa."

"Basi sikiliza. Leo tunamzika mume wa Mama Truphena. Nitaleta fahali. Wewe utarusha laivu kama kawaida yako. Utaomba msamaha, kwanza kwangu, halafu kwa fahali."

"Kwa fahali?"

"Umemchafulia jina." Hakucheka hata kidogo. "Kisha atachinjwa palepale, kamera ikiona. Watu watakula, watanawa. Nani tena atasema ng'ombe wa Javan haliwi?"

Alielewa. Fahali akiingia sufuriani, na ushahidi umeingia naye. Atakayebaki ni Marion, mwongo wa mtandaoni.

"Na nikikataa?"

"Nitapita duka kwa duka. Mwenye agroveti ya dawa za mifugo, mshona sare za shule, yule wa magodoro. Nitawauliza kitu kimoja tu: kwani nyinyi mnatangaza biashara yenu kwa mwongo?" Akasimama, akajipanguza vumbi ambalo halikuwepo. "Usijali ukichelewa. Clifford atakuwepo. Yeye atarusha."

Clifford! Afadhali angetaja fisi. Clifford wa Migori ana ukurasa unaoitwa Radi ya Migori, na kazi yake ni kuchukua habari za Marion na kuzivalisha herufi kubwa na king'ora. Kuku akigongwa na boda boda, kwa Clifford inakuwa MKASA MZITO, AFARIKI PAPO HAPO.

Mheshimiwa alipotoka, pazia la saluni likafunguka lenyewe.

Halikufunguka lenyewe. Alikuwa Zilpah, mwenye saluni, kitana mkononi, sikio bado limepinda kwa kuegemea ukuta wa mabati. Zilpah ndiye aliyempa Marion kile chumba wakati hakuna aliyemwamini. Yeye ndiye anayeshika simu ya matangazo Marion akiwa matangani, maana mwenye tangazo hapendi kungoja. Kama Marion ana dada mjini, basi ni huyu.

"Omba msamaha, mdogo wangu," Zilpah akasema. "Maneno mawili tu. Fahali achinjwe, watu wale, yaishe."

"Na Kapu?"

"Kapu litajaa tena."

"Lakini jana wewe ndiye uliyecheka kutushinda wote," ikasema sauti nyuma yake. Ilikuwa ya mteja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona nyoka.

"Wewe geuza kichwa!"

Marion hakuwasikiliza. Vidole vyake vilishafika kwenye kundi. Wanakapu, aliandika, nani ana picha ya fahali wa matanga, kabla hajachinjwa leo?

Nami niwategee: ana midomo elfu, hana tumbo, na hashibi. Kundi la WhatsApp! Dakika hiyohiyo picha zikaanza kumwagika. Fahali katika matanga ya kwanza. Fahali katika ya pili, na askofu. Fahali katika ya tatu, anakula shada la maua. Ya nne, amegeuka, lakini pembe ile inaonekana, inaita.

"Atasema wanafanana," Marion akanong'ona.

Ndipo simu ikaita kwenye WhatsApp, sauti kutoka Kegonga. Ya mwanamume, nzito, na upepo ukivuma nyuma yake.

"Dada Marion, habari. Naitwa Ryoba. Huyo ng'ombe nilimshika mwenyewe siku aliyozaliwa, miguu inatetemeka. Usikubali achinjwe, tafadhali. Nakuja huko sasa hivi, na nitakuonyesha ni nani ali—"

Bando lake likaisha hapo.

Kitana kilianguka sakafuni. Zilpah akainama kukiokota, akakaa hukohuko chini muda mrefu kuliko kitana kinavyohitaji.

"Amesema anatoka wapi?"

"Kegonga."

"Kegonga ni mbali. Apite Kehancha, apite Migori, apite Rongo! Mazishi hayatamngoja."

Marion akacheka, mara ya kwanza tangu mlango upigwe kisigino. "Dada Zilpah, kwani wewe ulizaliwa wapi? Mazishi ya kwetu nikiyaomba vizuri, yatamngoja Ryoba hata akija kwa magoti."

Akaanza kupiga simu ng'ambo.

* * *

Bomani kwa Mama Truphena, hema zilijaa na jeneza lilishateremshwa kwa heshima zote. Kilichobaki ni hotuba na chakula.

Mheshimiwa aliingia na fahali wakati ambao hakuna mtu aliyeweza kuangalia kwingine. Pembe ileile. Doa lilelile.

"Mama Truphena," akasema kwenye maiki, "pokea. Ni wako."

Mama Truphena, mwembamba, leso mbili kiunoni, akapokea kamba. Watu wakapiga makofi. Wapishi hawakupiga.

"Yawa! Huyu ataiva lini?" mpishi mmoja akauliza. "Nyama tumeshapakua."

"Ni ya kamera," mwenzake akamjibu. "Kamera haina haraka ya kula."

Clifford alikuwa amesimama karibu na mchinjaji, simu imefungwa kwenye fimbo ndefu. "Dada Marion! Umekuja kula maneno yako? Nimeshaandika kichwa: AANGUKA MBELE YA FAHALI."

"Ukikosea herufi niite nikusahihishie, omera, ndugu yangu. Umezoea kunakili zangu."

Zilpah, aliyekuwa amefunga saluni ili aje kumtia moyo, akaketi nyuma kabisa, kitambaa cha kijani kichwani.

Emsii, mwendesha shughuli, akapaza sauti. "Sasa tunaomba mwanahabari wetu, Marion, aje aseme lile neno lake kwa Mheshimiwa!"

Marion akashika maiki. Mchinjaji akashika kisu. Mheshimiwa akashika tai yake, akaiweka sawa kwa ajili ya picha.

"Nitasema," Marion akasema. "Lakini adabu kwanza. Kuna jamaa wa boma hili walioko ng'ambo. Wako nami laivu hapa, na wanaomba salamu moja tu."

Emsii akakunja uso, halafu akaukunjua haraka. Nani awanyime? Hema zilitoka mfukoni mwao. Jeneza lilitoka mfukoni mwao. Hata hiyo maiki aliyoshika ilitoka mfukoni mwao.

Akaanza mjomba wa Doha. Salamu yake moja ilianzia siku marehemu alipomfundisha kuogelea. Akafuata mpwa wa Minnesota, aliyelia kwanza, akaomba radhi kwa kulia, akalia tena. Kisha binamu wa Dubai akasema ataimba wimbo mmoja. Mtandao ukakatika katika ubeti wa tatu, na yeye, kwa heshima ya marehemu, akaanza upya.

Mchinjaji alikinoa kisu. Akakinoa tena. Mwishowe akakilaza mapajani, naye akasinzia.

"Nyara," Mheshimiwa akamnong'oneza Marion, jasho likimshuka nyuma ya sikio, "hawa jamaa ni wangapi?"

"Familia imebarikiwa, Mheshimiwa."

Clifford naye alikuwa anatikisa simu yake kama chupa ya dawa. Watazamaji wake walikuwa wanahama mmoja mmoja, maana aliyetaka kumsikia mjomba wa Doha ilibidi aje kwenye Kapu.

Wa mwisho alikuwa Orpah, bintiye Mama Truphena, muuguzi huko mbali. Sauti yake ilitoka safi.

"Mama, huyo fahali umepewa?"

"Nimepewa, Orpah."

"Umepewa kabisa?"

Mama Truphena akamgeukia Mheshimiwa. "Enhe. Umenipa au umeniazima?"

"Nimekupa, mama! Mbele ya Mungu na mbele ya mtandao!"

"Basi hachinjwi."

Mchinjaji akaamka.

"Ng'ombe wangu watatu wale pale hawana mume," Mama Truphena akaendelea, akivuta kamba kuelekea kwake. "Fahali amekuja mwenyewe mpaka mlangoni, nimle? Nifiwe mara mbili siku moja?"

Hema zote zikaangua kicheko, hata wazee wa kanisa. Mheshimiwa naye akacheka, lakini meno tu.

"Mama, desturi ni kwamba—"

"Aliyefiwa ni nani, Javan? Mimi au desturi?"

Alimwita Javan hivihivi, bila Mheshimiwa. Kwenye simu ya Marion vicheko vilipanda kama maji ya mvua. Kapu lilikuwa limepona! Alikuwa karibu kulia kwa furaha, na kama hadithi ingeishia hapo, ningewaaga sasa hivi nikaweke ugali.

Boda boda ikaingia langoni, imejaa vumbi mpaka taa.

Aliyeshuka alikuwa mrefu, fimbo mkononi, kope zimekuwa nyeupe kwa safari. Hakuuliza njia. Alipiga mluzi mara moja, mfupi, na yule fahali akainua kichwa. Akamvuta Mama Truphena pamoja na kamba yake, leso zikipepea, mpaka alipomfikia yule mgeni, akaanza kumramba mkono wa shati.

Hakuna aliyesema wanafanana.

"Ndiye Ryoba," Marion akawaambia Wanakapu. "Wa Kegonga. Kaka Ryoba, sema. Nani alikuuzia... hapana, ulimwuzia nani?"

"Kuuza!" Ryoba akashtuka kama ametukanwa. "Huyu hauzwi. Nilimkodisha. Niliambiwa kuna majike huku wanangoja fahali wa kuwapanda. Msimu umepita, harudi. Nikajiambia ana kazi nyingi. Kumbe kazi yake ni kuzika!"

Kicheko kingine. Mheshimiwa akaanza kurudi nyuma, taratibu, kama mtu anayetafuta choo.

"Ulimkodisha kwa Mheshimiwa Javan?" Marion akamsogezea maiki.

Ryoba akamtazama Mheshimiwa kutoka kiatu mpaka nywele. "Huyu simjui."

"Humjui?"

"Simjui. Mimi nilitangaza fahali wangu kwenye Kapu la Asubuhi. Na Kapu ndilo lililonijibu."

Maiki ikapiga ukelele, ule wa kuumiza meno. Watu wakasogea. Waliokuwa nyuma wakasimama juu ya viti. Ryoba akatoa simu yake, akaitafutatafuta kwa kidole gumba, akaiweka mbele ya maiki.

Sauti ya mwanamke ikajaa boma zima.

"Usijali, kaka Ryoba. Hapa ni Kapu la Asubuhi, ofisi ya Marion mwenyewe. Mpakie tu kwenye pikapu. Huku atatunzwa kama bwana harusi."

Nyuma ya sauti hiyo, mashine ya kukausha nywele ilikuwa inanguruma, na mtu analalamika: usinichome sikio!

Halafu macho yote, ya hema na ya mtandao, yakamgeukia Marion.

Mheshimiwa hakwenda tena choo. Tabasamu lake lilirudi, jino baada ya jino.

"Kumbe!" akapaza sauti. "Ndugu zangu, mmesikia? Aliyetega kitendawili ndiye mwenye fahali! Alimkodisha, akamleta kwangu kwa watu wake, halafu akanitangaza! Hivi ndivyo wanavyojaza hilo Kapu!"

"Uongo!" Marion akasema.

"Basi ni sauti ya nani?"

Na Wanakapu wakaandika vilevile, mstari juu ya mstari, Doha, Mbita, Minnesota: Marion, ni sauti ya nani?

Aliijua. Wajukuu, aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza. Ni sauti iliyomwambia asubuhi hiyo aombe msamaha yaishe. Ni sauti iliyompa chumba, ikampa nusu ya maandazi yake siku ambazo Kapu halikuwa hata na tangazo la kibiriti. Akiitaja, anaizika mbele ya kaunti mbili. Asipoitaja, anazikwa yeye. Na ahadi ya Kapu ni moja, ndiyo iliyowaleta wote hao: kilichotegwa asubuhi hujibiwa kabla ya jua kuzama.

Akainua simu. Akaigeuza polepole kuelekea nyuma ya hema, kwenye kitambaa cha kijani.

Kiti kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na kitana.

"We!" Mama Truphena akapiga kelele. "Mume wa ng'ombe wangu yuko wapi?"

Wote wakageuka. Walipokuwa wamesongamana kusikiliza simu, Mama Truphena alikuwa ameibana kamba chini ya jiwe. Jiwe lilikuwepo. Kamba ilikuwepo, imekatwa kwa kitu chenye makali ya mkasi. Fahali hakuwepo. Ryoba akapiga mluzi. Akapiga tena. Hakuna kilichokuja isipokuwa mbwa wa jirani.

Simu ya Marion ikatetemeka kwa maneno mapya. Haraka nenda kwa Clifford! Kwa Clifford kuna mwanamke anamvuta fahali nyuma ya jikoni! Kuna gari linawangoja! Kuna mtu ndani ya gari! Na mara: Clifford amekata! Clifford rudisha! Aliyekuwa ndani ya gari ni nani?

Watazamaji wa Marion wakaanza kupungua mbele ya macho yake, wanaondoka kama watu wanaosikia mvua.

Akasukuma, akapenya, akapita chini ya mkono wa emsii, mpaka akamfikia Clifford wa Migori. Kijana alikuwa ameegemea tangi la maji, simu ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, uso unang'aa. Yeye peke yake ndiye aliyeona.

"Clifford. Nionyeshe."

"Taratibu, dada Marion." Akasogea kando hatua moja. Upande wa pili Mheshimiwa alikuwa anakuja mbio, mkono tayari uko mfukoni. "Miaka yote wewe hututega. Leo na mimi ninacho changu."

Akainua kidevu, akapaza sauti kama alivyomsikia Marion akifanya kila asubuhi.

"Kitendawili!"

Marion akamtazama Mheshimiwa anayekaribia. Akatazama simu ile kifuani mwa Clifford.

"Tega," akasema.